Saa Moja Jioni Ndipo Nishati Jadidifu Hupimwa

Ikigonga saa moja jioni, Nairobi huwasha kila kitu kwa wakati mmoja. Pipeline na Umoja taa hupanda ghorofa kwa ghorofa, vinyozi wa Kayole wamejaza viti, Kileleshwa watu wanaingia kuoga kwa shawa ya umeme, na jikoni jagi linachemsha maji ya chai huku televisheni ikingoja habari. Nchi nzima hufanya vivyo hivyo. Kati ya saa moja na saa tatu usiku Kenya huweza kuhitaji zaidi ya megawati 2,300 za stima. Ikifika saa tisa usiku, mahitaji yameshuka karibu nusu. Na saa hiyo ya moja jioni jua limekwisha kuzama.

Ndiyo maana swali linaloulizwa sana, kwamba kati ya jua, upepo, maji na jotoardhi kipi ni bora, haliwezi kujibiwa lilivyo. Kila chanzo kina saa zake za kutoa na saa zake za kunyima. Jua hutoa mchana. Upepo wa Turkana hupata nguvu usiku. Jotoardhi halijui usiku wala mchana. Maji ya bwawa hungoja uyafungulie. Ukizishika saa hizo kichwani, faida na hasara za nishati jadidifu zinajipanga zenyewe, kuanzia gridi ya taifa hadi paneli nne juu ya mabati ya nyumba yako.

Kuna mambo mawili ya kunyoosha kwanza, maana ndiyo yanayowapotosha wengi. La kwanza ni kilowati na uniti. Kilowati ni upana wa bomba. Uniti, yaani kilowati-saa, ni idadi ya mitungi uliyojaza. Shawa ya kilowati 5 ikiwaka dakika kumi hula chini ya uniti moja. Friji ndogo nayo hula uniti moja hivi, lakini kwa kunyonya kidogo kidogo siku nzima. Shawa inataka bomba pana kwa muda mfupi. Friji inataka bomba jembamba lisilokauka. Anayechanganya haya mawili ndiye anayenunua inveta kubwa (kifaa kinachogeuza stima ya paneli na betri iwe ya kutumika nyumbani) na betri ndogo, kisha anamlaumu fundi.

La pili: husemwa kwamba Kenya inatumia nishati jadidifu kwa asilimia tisini hivi. Hiyo ni kweli kwa stima peke yake. Matatu nyingi bado zinakwenda kwa dizeli na petroli, na katika sensa ya 2019 zaidi ya nusu ya kaya zilikuwa zikitegemea kuni kupikia. Anayesema "Kenya ni kijani kwa asilimia tisini" bila kutaja jikoni ameruka sehemu kubwa ya hesabu.

Mvuke usiolala

Mbeba mzigo wa gridi yetu ni jotoardhi. Kusini mwa Ziwa Naivasha, pale Olkaria, visima vimeteremka kilomita mbili hadi tatu, mahali ambapo maji yaliyonaswa katika miamba ya volkano huweza kupita nyuzi 300 za joto. Visima vya majaribio vilianza kuchimbwa mwaka 1956, na mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukaanza kazi 1981. Leo nchi ina zaidi ya megawati 900 za jotoardhi, na hakuna nchi nyingine Afrika inayoikaribia.

Kinachotoka kisimani si mvuke mtupu. Ni mchanganyiko wa mvuke na maji ya moto yaliyojaa chumvi na silika. Mchanganyiko huo hupitishwa kwenye tangi la kutenganisha: mvuke unakwenda kuzungusha mtambo, maji yanarudishwa ardhini kupitia kisima kingine. Kuyarudisha ni lazima. Yakiachwa yatiririke juu ya ardhi yataichafua, na kule chini hifadhi itaanza kupoteza shinikizo, visima vidhoofike, na vingine vichimbwe ili kufidia. Joto la maji hayo pia hulindwa, kwa sababu yakipoa kupita kiasi njiani, silika huganda ndani ya bomba kama ule utando mweupe unaouona ndani ya jagi linalochemsha maji ya kisima.

Faida yake kubwa ni kwamba ukame haulijui jotoardhi. Hasara yake kubwa ni pesa inayotangulia. Kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola, na huwezi kujua kina mvuke wa kutosha mpaka umalize kuchimba. Mwekezaji binafsi huogopa kamari hiyo. Ndiyo sababu serikali iliunda Geothermal Development Company mwaka 2008 ili ichimbe kwanza na kubeba hatari hiyo, kisha makampuni yajenge mitambo juu ya mvuke uliokwisha kuthibitishwa. Menengai, karibu na Nakuru, inakwenda kwa mpango huo, na mtambo wake wa kwanza wa megawati 35 uliingia kwenye gridi 2023.

Kuna gharama nyingine zisizoonekana kwenye bili. Gesi ya haidrojeni salfaidi hutoka pamoja na mvuke. Ni ile harufu ya yai viza inayokupokea kwenye mbuga ya Hell's Gate, palipo Olkaria, na mahali palipofungika gesi hiyo ni hatari kwa uhai. Tena kuna watu. Familia za Wamaasai zilizohamishwa 2014 kupisha upanuzi wa Olkaria zilifikisha malalamiko yao kwa wakopeshaji wa mradi, juu ya ardhi waliyopewa na jinsi walivyoshirikishwa. Stima isiyo na moshi inaweza kuwa na deni kwa jirani yake, na deni hilo linafaa kuhesabiwa pamoja na faida.

Saa tisa usiku jotoardhi hupata shida ya kinyume: halitakiwi. Kisima hakifungwi na kufunguliwa kila siku kama bomba la jikoni, kwa kuwa mabadiliko ya ghafla ya joto na shinikizo huharibu mabomba na saruji iliyokishika. Basi mahitaji yakishuka, mvuke mwingine huachiliwa hewani bila kuzalisha chochote. Punguzo la bei ya stima ya usiku kwa viwanda liliwekwa kwa sababu hii. Binafsi naona hapo ndipo pa kutilia mkazo kabla ya kuchimba kisima kingine: kupata kazi ya kufanywa na mvuke unaomwagwa.

Upepo na waya wake

Kutoka barabara ya Magadi unaona mapanga yakizunguka juu ya vilima vya Ngong. Mitambo ya kwanza iliwekwa pale 1993. Sasa kituo kina megawati 25.5. Mradi mkubwa uko mbali zaidi, Loiyangalani, upande wa Ziwa Turkana katika kaunti ya Marsabit: mitambo 365, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 310.

Kwa nini watu waende hadi kule jangwani? Nguvu ya upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi yake: kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nane. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya upepo hubanwa na kuwa mkondo mmoja wenye kasi, nao huvuma karibu mwaka mzima. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayowavunja moyo wanaotaka kuweka mtambo mdogo wa upepo juu ya jengo la South B. Kasi ni ndogo, na kidogo kinachofika kinakuja kikiwa kimevurugwa na majengo. Usinunue. Pesa hiyo iongeze kwenye paneli.

Loiyangalani ilitufunza kuhusu waya. Mitambo ilikuwa imesimama 2017, lakini laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa haikuwa tayari mpaka Septemba 2018. Mkataba ulitaka mzalishaji alipwe iwapo kosa la kuchelewa si lake, hivyo ikabidi umma ulipie stima ambayo haikufika kwenye balbu ya mtu. Ukiambiwa bei ya uniti ya upepo ni nafuu, uliza kama ndani yake wamehesabu waya, na nani analipa waya ukichelewa.

Hasara ya pili ni ya sekunde chache. Gridi yetu huenda kwa masafa ya hezi 50, yaani stima yake huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Uzalishaji na matumizi vikilingana, masafa hutulia. Chanzo kikubwa au laini yake ikianguka ghafla, masafa hushuka. Yakishuka kupita kiasi, mitambo mingine hujiondoa ili isiharibike, nayo kwa kujiondoa huzidisha pengo. Ndivyo hitilafu ya mahali pamoja inavyoweza kuzima taifa zima. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi iliingia gizani usiku, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo. Dawa yake inajulikana: akiba ya mitambo iliyo tayari kujibu papo hapo, betri kubwa kwenye vituo, na zaidi ya njia moja ya kuleta stima mjini.

Kwenye mradi wa upepo wa Kipeto, kule Kajiado, kuna jambo la kupendeza. Mitambo yake iko karibu na majabali ya Kwenia wanakozaliana tumbusi, ndege waliopungua mno na ambao hawaoni panga linalozunguka mpaka limewafikia. Waangalizi huwekwa uwandani, na tumbusi akikaribia, mtambo unaohusika husimamishwa. Uniti chache zinapotea na ndege anapita.

Maji: betri ya zamani

Kwenye mto Tana kuna vituo vitano vya Seven Forks: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Uzuri wa mpango huo ni kwamba maji yale yale hufanya kazi mara tano kabla ya kuendelea kwenda Garissa. Gitaru, wenye megawati 225, ndio mkubwa kuliko wote. Na kwa suala letu la saa moja jioni, maji hayana mpinzani: vali ikifunguliwa, mtambo hujibu kwa dakika chache. Bwawa ni betri iliyojengwa kabla ya neno betri kuingia katika mijadala hii.

Lakini betri hiyo hujazwa na mvua. Ukame wa 1999 hadi 2000 ulileta mgao wa stima ambao walioishi Nairobi wakati ule hawajausahau, na 2009 Masinga ilifungwa kwa kukosa maji. Udongo kutoka mashamba ya juu huteremka na kutua chini ya bwawa, kila tani ikichukua nafasi ya maji. Halafu huja mwaka kama 2024, mabwawa yakafurika na watu wa Garissa na Tana River wakapokea mafuriko. Mkulima wa Murang'a anayechimba matuta na kupanda nyasi ukingoni mwa shamba analinda stima ya Nairobi.

Jua juu ya paa lako

Hapa ndipo mtu wa kawaida anaponunua mwenyewe, na ndipo makosa ya hesabu yanapouma mfukoni. Garissa kuna shamba la paneli la megawati 50 hivi, lakini kwa msomaji wa Nairobi habari kubwa iko kwenye mabati yake.

Paneli ya wati 550 hutoa wati 550 chini ya jua kali la maabara, ikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya paa, seli hufika nyuzi 55 au 60, na kila nyuzi moja ya ziada hupunguza nguvu kwa asilimia 0.35 hivi. Jua zuri, si joto, ndilo tunalolihitaji. Kwa hiyo ubaridi wa Nairobi ni baraka. Mawingu ya katikati ya mwaka ndiyo adui. Februari Nairobi hupata sawa na saa sita za jua kamili kwa siku. Julai hushuka hadi nne hivi. Mfumo uliopimwa kwa jua la Februari utakuaibisha Julai.

Tuchukue nyumba ya familia isiyo na makuu. Friji ndogo, wati-saa 1,000 kwa siku, yaani uniti moja. Televisheni ya wati 80 kwa saa tano, 400. Balbu nane za wati 9 kwa saa tano, 360. Kifaa cha intaneti cha wati 10 mchana na usiku, 240. Kompyuta mbili za mkononi, 600. Simu, 50. Jumla 2,650. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu inveta yenyewe inakula. Inveta ya kilowati 5 hutumia wati 50 hivi hata kama hakuna taa inayowaka. Kwa saa 24 hizo ni wati-saa 1,200, zaidi ya friji! Ongeza upotevu wa kubadilisha stima na kuchaji betri, unafika karibu uniti 4.4 kwa siku.

Kwa jua la Julai la saa nne, ukiondoa robo kwa vumbi, joto na upotevu wa waya, kila kilowati moja ya paneli hukupa uniti tatu. Gawanya 4.4 kwa tatu: kilowati 1.5. Paneli tatu za wati 550 zinatosha, utasema.

Hazitoshi, na sababu si wati bali volti. Inveta nyingi za ukubwa huo huhitaji volti 120 au zaidi kutoka kwenye paneli ili zifanye kazi. Paneli moja ya aina hii hufanya kazi kwa volti 41 hivi. Tatu zikifungwa mfululizo ni 123. Asubuhi zinafanya kazi vizuri. Ikifika saa saba mchana paneli zimepata moto, volti zinashuka hadi 110 hivi, na inveta inaacha kuchaji wakati jua liko utosini. Mwenye nyumba anaona betri haijai siku za jua kali na anadhani ameuziwa betri bandia. Weka nne.

Upande wa pili upo pia. Paneli hiyo ikiwa haijabebeshwa mzigo huonyesha volti 49.5. Kumi mfululizo ni 495, na inveta imeandikwa mwisho wake ni 500. Inaonekana salama. Lakini asubuhi ya Julai yenye nyuzi 10, ubaridi huongeza volti kwa asilimia nne hivi: 515. Jua la kwanza linapogusa paneli, sehemu ya kuingizia inaungua, na dhamana haitakusaidia kwa sababu kikomo kilivukwa. Fundi asiyeweza kukufanyia hesabu hii kwenye karatasi, asipande juu ya paa lako.

Betri ni sehemu ya ghali zaidi. Ya lithiamu ya volti 51.2 na ampia-saa 100 hubeba uniti 5.1, na unaweza kutumia asilimia 80 hadi 90 yake kwa maelfu ya mizunguko. Ya risasi na asidi, ampia-saa 200 kwa volti 12, hubeba uniti 2.4, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara itakufa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa hiyo betri nne za risasi, uniti 9.6, zinakupa 4.8 za kutumia, karibu sawa na lithiamu moja. Bei ya dukani huonekana nafuu. Bei ya kila uniti utakayoitoa humo kwa miaka yote si nafuu. Nyumba yetu ya mfano hutumia karibu uniti 2.8 tangu jioni hadi saa mbili asubuhi, hivyo lithiamu moja inatosha na akiba inabaki.

Ufungaji una makosa yanayojirudia mtaani. Breka ya stima ya kawaida huwekwa kwenye waya wa paneli kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Mkondo geu (AC), ule wa gridi, hupita sifuri mara mia kwa sekunde, na cheche huzimika hapo. Mkondo mnyoofu (DC) wa paneli haupiti sifuri, hivyo cheche huendelea kuwaka ndani ya breka hadi inayeyuka. Nunua breka iliyoandikwa kwa mkondo mnyoofu na kwa volti za mfumo wako. Viunganishi vya paneli vya kampuni mbili tofauti vikichomekana huonekana vimeshikana, ila ndani mguso ni hafifu. Hupata moto, na paa limeungua. Waya kati ya betri ya volti 48 na inveta ya kilowati 5 hubeba zaidi ya ampia 100, kwa hiyo tumia wa milimita za mraba 25 hadi 35, mfupi, wenye fyuzi karibu na betri, na nati zikazwe. Nati iliyolegea huchemka kama jiko.

Kivuli cha tangi la maji kikigusa paneli moja tu, mkondo wa msururu mzima hupungua, kwa kuwa paneli zimeshikana mkia kwa kichwa. Sogeza tangi au sogeza paneli. Ziinamishe nyuzi 10 hadi 15 ingawa tuko karibu na ikweta, ili mvua ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Kule Mlolongo na Athi River, penye vumbi la saruji, usingoje mvua: osha alfajiri, kabla kioo hakijapata moto.

Shawa ya umeme usiifunge kwenye inveta. Bomba haliitoshi. Kupasha lita 200 za maji kutoka nyuzi 18 hadi 55 kunahitaji uniti 8.6, karibu maradufu ya mahitaji yote ya nyumba yetu ya mfano, na hakuna njia rahisi ya kuzipata kuliko hita ya sola ya maji, inayopasha maji moja kwa moja bila kupitia stima. Mwenye kutumia maji ya kisima yenye chumvichumvi achague aina ambayo maji ya kuoga hayapiti ndani ya mabomba ya paa, la sivyo yataziba.

Kisheria, fundi wa sola anapaswa kuwa na leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, na madaraja yake huanzia T1 hadi T3. Mfumo wenye inveta na betri unaoshikana na gridi ni kazi ya T3. Sheria ya Nishati ya 2019 ilifungua njia ya kurudisha stima ya ziada kwenye gridi ili ipunguze bili yako, na kanuni zake zilitoka 2024. Hata hivyo, stima unayorudisha ni ya saa saba mchana, wakati gridi ina ya kutosha. Unapata zaidi kwa kuhamishia pasi na mashine ya kufulia mchana kuliko kwa kuuza.

Wapangaji wa ghorofa ndio walioachwa nje ya habari hii yote. Paa si lao. Mwenye ploti anayeweka hita za sola na kuwasha ngazi na pampu ya kisima kwa paneli anawapunguzia mzigo wapangaji wote, na kwa vile pampu inaweza kufanya kazi mchana na kujaza tangi, hahitaji hata betri. Maji juu ya paa ndiyo betri.

Jikoni

Kwa aliye na ng'ombe Limuru, Kiserian au Ruai, bayogesi inafaa kuliko paneli. Ng'ombe wawili wa kufungiwa hutoa kilo 30 hivi za kinyesi kwa siku. Changanya na maji kiasi hicho hicho, weka kwenye tangi la mita za ujazo sita, na utapata karibu lita 1,200 za gesi, yaani kama saa tatu za kupika kwa jiko moja. Gesi ya wiki za mwanzo haishiki moto kwa sababu imejaa kaboni dayoksaidi, iachie. Limuru kwa ubaridi wake hutoa pungufu. Sabuni na dawa za ng'ombe huua bakteria wanaofanya kazi. Maji hukusanyika kwenye sehemu ya chini ya bomba na kuziba gesi, basi weka kituo cha kuyatoa pale panapoinama. Jiko la gesi ya mtungi lina tundu dogo mno, moto wake hautatosha. Na kamwe mtu asiingie ndani ya tangi kulisafisha: watu wamekufa humo kwa pumzi mbili.

Kuni na makaa huhesabiwa kuwa jadidifu iwapo tu mti unaokatwa unafuatwa na mti unaoota. Mara nyingi haufuatwi.

Betri iliyokufa

Sola haina moshi, lakini betri ya risasi ina sumu. Owino Uhuru, kitongoji cha Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu ya madini ya risasi mwilini, watoto wakiwemo. Phyllis Omido aliongoza harakati zao, na 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Betri yako ya zamani ina pesa, na mnunuzi wa vyuma atakuja na pesa hiyo mlangoni; mwulize anaipeleka wapi, au irudishe kwa muuzaji. Asidi usiimwage kwenye mtaro.

Siku ya kukabidhiwa

Fundi akimaliza, asiondoke siku hiyo hiyo. Saa sita mchana soma volti za paneli na uandike. Saa kumi alasiri angalia kama betri imefika asilimia 100. Saa moja jioni washa kila kitu ambacho familia huwasha kwa kawaida, gusa waya wa betri kwa juu uone kama una joto, kisha lala. Amka saa kumi na mbili asubuhi usome asilimia iliyobaki. Ikiwa betri ilijaa alasiri lakini ikazima saa tisa usiku, betri ni ndogo. Ikiwa haikujaa alasiri, ongeza paneli kwanza, kwa sababu betri ya pili nayo itakaa nusu tupu. Andika namba hizo ukutani kando ya inveta, urudie kipimo Julai.